Upinde katika Mapaa Yetu

Wako wanaodhani kwamba paa la upinde ni ufundi uliokuja na chuma. Hata hapa Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, tumezoea kenchi za mbao zilizonyooka, zenye umbo la pembetatu, juu ya kuta za matofali. Lakini tukiichunguza historia ya ujenzi wa taifa letu, twaona kwamba upinde ni urithi wa kale.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba kila upinde ukibebeshwa mzigo hutaka kutanuka, na ncha zake husukuma nje. Basi swali la mjenzi ni hili: ni kitu gani kitakachozizuia?

Wazee wa Buhaya walijibu kwa msonge. Paa lake lilishuka kutoka kileleni hadi ardhini, likazungushiwa pete za fito zilizozidi upana kadiri zilivyoshuka. Pete hizo ndizo zilizozuia mtanuko, na nguzo za ndani zikasaidia kuubeba uzito.

Pwani walikuwa na jibu jingine. Vyumba vingi vya mawe viliezekwa kwa boriti za mikoko, nazo hazikuruhusu upana uliozidi sana mita 3. Huko Kilwa Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331, Msikiti Mkuu ulipanuliwa katika karne ya 14. Sehemu ile iliyoongezwa ikaanguka, ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa matao na kuba za mawe na chokaa. Hapo msukumo hupokewa na matao yanayoegemeana na kuta nene.

Kenchi ya upinde ya siku hizi haina pete wala ukuta mnene. Kinga yake ni boriti ya chini inayoziunganisha ncha mbili, mithili ya uzi wa upinde wa mwindaji. Fundi akiiondoa ili kupata nafasi, ukuta mwembamba wa matofali husukumwa nje, ukapasuka, na walio ndani wakawa hatarini.

Kwa hiyo twawasihi walimu waulete ufundi huu darasani. Mwanafunzi na apinde ufito mbichi juu ya meza, aukandamize kwa kiganja, aone ncha zikiteleza. Kisha azifunge kwa kamba na kuukandamiza tena. Ataelewa waliyoyajua wazee wa Buhaya na waashi wa Kilwa, na kesho hatajenga kwa kubahatisha.