Sahani za Zidaka: Historia ya Risasi katika Vyombo vya Nyumbani, kutoka Pwani ya Waswahili hadi Ansab

Nyumbani kwetu Ansab, kabati la vyombo lina milango ya kioo na ufunguo mmoja, nao anaushika mama. Rafu ya juu ni ya sahani za bibi: nyeupe, zina maua ya buluu na ukingo wa manjano. Zilinunuliwa Unguja, zikavuka bahari zimeviringwa ndani ya kanga baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Rafu ya kati ina mabakuli ya enameli na dele za kahawa za shaba. Chini kabisa zimepangwa sufuria nene ambazo ndugu zetu hutuletea kila wajapo kututembelea kutoka Dar es Salaam na Mombasa. Idi iliyopita binti yangu mdogo aliomba apakuliwe pilau katika sahani ya bibi. Nilimkatalia. Alipouliza sababu, niliona kwamba jibu lake ni refu kuliko chakula cha siku ile. Makala haya ndiyo jibu hilo.

Ansab imo katika wilaya ya Bausher, jijini Maskati. Waomani wenye asili ya Zanzibar walirudi kwa wingi baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika nchi, na wengi wao walikuja na lugha yao, mapishi yao na walichoweza kubeba cha vyombo vyao. Ukifungua kabati la nyumba kama hizo unakutana na zaidi ya miaka elfu moja ya biashara ya Bahari ya Hindi. Unakutana pia na risasi.

Nasema risasi kwa maana ya metali, ile nzito, laini, ya kijivu. Kiswahili, kama Kiarabu, kimeipa jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Ya bunduki huja na mlio. Ya chomboni huingia kimya, haina harufu wala rangi ndani ya mchuzi. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaiweka mifupani, nayo hukaa humo miongo ya miaka. Mama anapobeba mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Moto na utando wa kioo

Chungu cha udongo mtupu hakina kisa hiki. Mtungi wa maji wa Oman uitwao jahla, ambao wafinyanzi wa Bahla wamesifika kwa kuufinyanga, huachwa bila kupakwa kitu ili maji yapenye kidogo na kupozwa na upepo. Ndivyo ilivyo mitungi ya Unguja na Pemba. Habari hubadilika pale mfinyanzi anapotaka chombo king'ae na kisivuje. Hapo hukipaka unga wa madini ambao huyeyuka jokoni na kuwa utando wa kioo. Mchanga peke yake hautayeyuka kwa moto wa joko la kawaida. Ukichanganywa na oksidi ya risasi, huyeyuka kwa moto mdogo zaidi, ukatandaa sawasawa na kung'aa kwa namna inayovutia macho. Wafinyanzi wa Roma waliijua siri hiyo, na wa China ya kale pia.

Lakini Wachina waligundua na njia nyingine: majivu na chokaa, pamoja na majoko yanayofikia nyuzi 1,200 na kupita. Kauri zao za kijani kibichi na nyeupe zilizopikwa hivyo hazikuhitaji risasi hata kidogo katika utando wake.

Njia hizo mbili zilisafiri ndani ya jahazi moja. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yalipatikana mabaki ya jahazi lililozama karne ya 9. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, kama mitepe ya Waswahili na majahazi ya kale ya Oman, na bakuli moja lilikuwa na tarehe inayolingana na mwaka 826. Oman iliunda jahazi la mfano huo huko Qantab, nje kidogo ya Maskati, ikaliita Jewel of Muscat, na mwaka 2010 likasafiri hadi Singapore. Shehena ya lile la kale ilikuwa vyombo takribani 60,000. Vingi ni mabakuli ya Changsha, China, yaliyochomwa kwa moto mkali. Vilikuwamo pia vyombo karibu 200 vyeupe vyenye mabaka ya kijani, utando wake umeyeyushwa kwa risasi na kijani chake kimetokana na shaba. Kemia ya leo inaonyesha kwamba mchanganyiko huo ni mbaya: shaba huilegeza risasi ndani ya utando, ikawa nyepesi kutoka inapokutana na siki au ndimu. Vyombo vyote vililala katika ngama moja, na nahodha hakuwa na jicho la kuvitenga.

Sahani inayofichua sumu

Waswahili walivipokea vyombo hivi mapema. Wachimbaji wa mambo ya kale, James Kirkman huko Gedi, Neville Chittick huko Kilwa na Manda, Mark Horton huko Shanga, wameokota vigae vya Ghuba, vya Uajemi na vya China kwa maelfu. Miongoni mwake vimo vyombo vya karne ya 11 hadi ya 13 vilivyochorwa kwa kukwaruzwa, ambavyo utando wake ni wa risasi. Kauri za China zilipandishwa heshima kuliko vyote. Zilipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui, na katika nyumba za mawe za Lamu zilijaza zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu.

Katika nchi nyingi za Kiislamu watu waliamini kwamba sahani ya kauri ya kijani ikitiwa chakula chenye sumu hupasuka au hubadilika rangi. Lamu waliamini kuwa sahani ya ukutani hupokea jicho la hasidi na kupasuka badala ya mwenye nyumba. Naiheshimu imani hiyo, kwa sababu ndani yake lipo swali la haki kabisa: chakula hiki ni salama? Kwa kauri ya kijani walichagua vema bila kujua, maana ni kati ya vyombo vya zama zile visivyo na risasi. Bakuli la manjano au la kijani cha mabaka lililowekwa kando yake lingeweza kuitia sumu hiyo lenyewe, na lisingepasuka.

Tuangalie pia walivyokula. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli juu ya chano kikubwa cha mti. Karne tano baadaye Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ambaye wasomaji wengi humjua kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi vishubaka vya nyumba za Zanzibar vilivyopangwa kauri na bilauri za thamani kama pambo la chumba. Sahani bora ilikuwa ya kutazamwa. Isipokuwa katika jambo moja: kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Sahani ya kombe ilipaswa kuwa safi kupita zote, na hakuna aliyekuwa na njia ya kujua utando wake umeyeyushwa kwa nini.

Sahani za viwandani

Karne ya 19 ilishusha sahani kutoka ukutani hadi mkekani. Sayyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar, na karafuu ikaleta fedha, meli za Ulaya na Marekani zilileta sahani za bei nafuu kwa makreti: za Staffordshire, Uingereza, na za Maastricht, Uholanzi, ambako Petrus Regout alianzisha kiwanda chake miaka ya 1830. Maua yake yaligongwa kwa sifongo au kwa chapa, rangi zikiwa za kuvutia mnunuzi wa Mashariki. Vigae vyake vimejaa katika mabaki ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Sahani za bibi ni wajukuu wa shehena hizo.

Utando wa vyombo hivyo ulikuwa wa risasi, na waliolipa kwanza ni waliovitengeneza. Staffordshire, wanawake na vijana walichovya sahani kwa mikono mitupu katika maji mazito ya risasi. Wakapooza viganja, wakapofuka, mimba zikaharibika. Mwaka 1895 sheria ya Uingereza ililazimisha kila mgonjwa wa risasi kiwandani aripotiwe, na mwaka 1898 serikali iliwatuma wataalamu Edward Thorpe na Thomas Oliver wachunguze viwanda hivyo. Matumizi ya risasi mbichi katika utando yalipigwa marufuku huko kwa kanuni za mwaka 1947 tu. Kwa miaka mingi, sahani iliyoshushwa Forodhani ilikuwa imekwisha kumuumiza mtu kabla haijapakuliwa wali.

Hatari ya mlaji ilichelewa kutazamwa. Ilihitaji kifo cha mtoto mdogo huko Montreal, Kanada, aliyekuwa akinyweshwa maji ya tufaha yaliyowekwa katika jagi la udongo lenye utando wa risasi. Madaktari walikichapisha kisa hicho mwaka 1970, na baada yake nchi moja moja zikaweka viwango. Ulaya iliandika vyake mwaka 1984: chombo hujazwa siki nyepesi ya asilimia 4, huachwa saa 24, na risasi itakayotoka katika chombo cha kina isizidi miligramu 4 kwa lita, wala kadmiamu isizidi 0.3. Kadmiamu ni metali nyingine ya sumu, ndiyo inayotoa manjano kali na wekundu wa moto katika rangi nyingi za kauri na enameli.

Saa 24 ni kipimo cha maabara. Achari ya ndimu hukaa ndani ya gudulia miezi.

Shaba na kalai

Oman ni nchi ya shaba. Maandishi ya Sumer yanaitaja Magan, iliyouza shaba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na wataalamu wanaitambua Magan kuwa ndiyo Oman. Dele, masinia na masufuria ya shaba ya mafundi wa Nizwa yanatoka katika ukoo huo mrefu. Shaba tupu ikikutana na uchachu wa ukwaju au ndimu huyeyuka na kuchafua tumbo, basi mafundi hukipaka chombo kalai kwa ndani. Kalai ya bati safi haina neno. Lakini bati ni ghali, risasi ni rahisi na huyeyuka upesi, na fundi aliyetaka kubana matumizi alichanganya. Mdomo wa birika ulilehemiwa kwa mchanganyiko huo huo. Shaba nyeupe na ya njano ya kusubu nayo mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili ikatike vizuri kwenye mashine.

Sufuria za leo

Anayedhani habari hii imekwisha na mababu aende Kamukunji, Nairobi, au Katwe, Kampala, au soko lolote la vyombo vya mafundi. Sufuria nene za alumini husubiwa kwenye mchanga kutokana na chakavu: vipande vya injini, makopo, redieta, nyaya. Ni kazi ya ustadi, inayolisha familia nyingi, na sufuria zake huvumilia moto wa kuni kuliko za dukani. Chakavu hicho huja na risasi yake. Uchunguzi wa mwaka 2017 wa vyombo vya alumini 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, ulikuta zaidi ya thuluthi moja vinatoa risasi ya kuhatarisha. Mwaka 2023 shirika la Pure Earth lilitangaza matokeo ya kupima bidhaa za masoko ya nchi 25: karibu nusu ya vyombo vya chakula vya metali na vya kauri vilivuka kiwango walichokiweka. Jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria juu ya risasi katika vyombo vya kupikia mwaka 2024, baada ya madaktari kuikuta katika damu ya watoto wa wakimbizi wa Afghanistan na kuifuata hadi kwenye masufuria waliyobeba kutoka kwao.

Walibeba masufuria kama sisi tulivyobeba sahani.

Risasi hukusanyika kutoka njia nyingi: rangi ya ukuta, wanja uliosagwa kutoka jiwe la galena, vumbi la viwanda vya kuyeyushia betri kama lile lililowadhuru watu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 baada ya mwanaharakati Phyllis Omido kuwapigania. Taarifa ya UNICEF na Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria watoto wapatao milioni 800 duniani wana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi. Nyumba haiwezi kuzuia yote hayo. Jikoni inaweza.

Mchuzi wa ukwaju, urojo, achari na siki visipikwe katika sufuria ya chakavu wala visihifadhiwe katika chombo cha kale chenye utando. Vikae katika kioo au chuma kisichoshika kutu. Sahani iliyofifia, iliyochakaa utando ikawa kama chaki, isipakuliwe chakula. Chombo cha shaba kipewe fundi anayetumia bati safi. Mtoto aliyekulia kwenye vyombo hivyo apimwe damu hospitalini. Na mafundi wa kusubu wanastahili kupewa chakavu kilichochambuliwa, maana kazi yao ni urithi pia, na wao wenyewe ndio wanaovuta moshi wake.

Siku ile ya Idi pilau tuliilia kwenye sinia la chuma, sote tumelizunguka, kama wageni wa Mogadishu walivyozunguka chano cha mti. Baada ya kunawa, mama alifungua kabati, akaishusha sahani moja ya bibi na kumkabidhi mjukuu wake aishike kwa mikono miwili. Aliigeuza, akasoma chapa ya nyuma, akafuata ua la buluu kwa kidole. Kisha tukairudisha juu, mahali ambapo wazee wa Lamu na Unguja walijua siku zote kuwa ndipo pake.