Tarehe ya Wahakiki wa Muyaka

Katika tarehe za Mvita, yaani Mombasa, majina ya wakuu wa vita na ya maliwali yamehifadhiwa kwa uangalifu, na majina ya washairi yamehifadhiwa zaidi, kwa kuwa mtungaji hodari hutajwa kila tungo yake inapoghaniwa. Lakini silsila ya watu waliokaa na tungo hizo wakazipima, wakazisahihisha na kuzitolea sharhe, haijapata kupangwa kwa kadiri ya haki yake. Nakusudia kuipanga hapa kwa ufupi, nikianza na mtu ambaye kwa rai yangu ndiye mhakiki wa kwanza wa Muyaka, ijapokuwa hakusoma wala kusomesha katika chuo kikuu chochote.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, ambaye uhai wake wanazuoni huuweka baina ya mwaka 1776 na 1840, alitunga zama ambazo Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, na Sayyid Said, mtawala wa Omani, akiitamani. Akawaunga mkono Mazrui kwa ulimi wake mpaka dola yao ilipoanguka mwaka 1837. Kalamu za pwani kabla yake zilishughulika mno na tenzi za dini na mawaidha, naye akalichukua shairi la mishororo minne akalitia mambo ya sokoni na ya nyumbani, mapenzi na njaa, deni na ugomvi wa majirani, hata watu wakalighani barabarani. Utungo upitao vinywani kwa miaka mingi hupata kila aina ya dhara: ubeti huu hupoteza mshororo, ule hukopa kina cha mwingine, na tukio lililouzaa husahauliwa pamoja na walioliona.

Hapo ndipo daraja ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi inapodhihiri. Yeye alikuwa mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, na baada ya Muyaka kwisha kufa aliwaendea wale waliozihifadhi tungo zake moyoni akazikusanya; na katika miaka ya 1880, alipokuja mjini kasisi Mwingereza, William Ernest Taylor, aliyekuwa na shauku isiyo kifani ya Kimvita, wawili hao wakafanya kazi pamoja, huyu akiandika na huyu akieleza. Wako wanaomhesabu Sikujua kuwa mtoa habari tu, na Taylor ndiye mtaalamu. Mimi siafiki hata kidogo, na dalili yangu ni hati zenyewe.

Mashairi hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama desturi ya pwani, na katika hati za zamani herufi moja ya be hubeba sauti za b, p na mb, fe husimama mahali pa f na v, nazo irabu zetu tano hugawana alama tatu, ya kasra ikiwa ni ya i na e pia, na ya dhuma ikiwa ni ya u na o pia. Basi msomaji aweza kuliona neno moja akalisoma paa, na mwenziwe akalisoma baa, na mizani isimsute yeyote katika wawili hao, kwa kuwa silabi ni zile zile. Kina huenda kikatoa ushahidi mwishoni mwa kipande. Katikati ya mshororo hapana shahidi ila sikio la mtu aliyeusikia ukighaniwa na akaijua sababu ya kutungwa kwake. Kuamua usomi upi ni sahihi, na kuutetea kwa lugha, kwa desturi na kwa tarehe ya mji, ndio uhakiki wenyewe, na Sikujua aliufanya ubeti kwa ubeti. Alifariki kabla karne ile haijesha.

Taylor alifariki mwaka 1927, na hati zake zikapata hifadhi London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika. Kutokana na kazi hiyo William Hichens alitengeneza *Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy*, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, safari ndefu kwa mashairi ya Mombasa.

Baadaye uhakiki ulipata makao katika vyuo vyetu wenyewe. Sheikh Amri Abedi alikwisha kuweka kanuni za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mwaka 1971 Farouk Topan akahariri *Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili*, akithibitisha kuwa fasihi yetu yaweza kujadiliwa kwa lugha yake yenyewe. Na Euphrase Kezilahabi, ambaye mashairi yake yasiyofuata vina yalikwisha kuzusha mabishano makali, akaandika Dar es Salaam mwaka 1976 tasnifu ya Kiswahili juu ya riwaya za Shaaban Robert.

Naye Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyekuwa mwalimu wa isimu na lugha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akamrudia Muyaka, akatoa Nairobi mwaka 1979 kitabu kikubwa juu ya mshairi huyo na ushairi wa watu wa karne ya 19. Fadhila ya kitabu hicho ni kwamba hakikuyatenga mashairi na mji: kimeyapanga pamoja na siasa za Mazrui, na mitaa, na mabishano ya washairi waliokuwa wakijibizana, hata msomaji wa leo akaelewa kwa nini ubeti fulani ulichoma na ni nani aliyekusudiwa. Mwanaisimu huyo ameonyesha subira ile ile ya kukaa na neno moja mpaka likubali kusema. Lakini maelezo yake ameyaandika kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Lamu au wa Tanga asiyekimudu Kiingereza huzipata tungo na kukosa sharhe, jambo ambalo hao waliozieleza kwanza, kwa Kimvita, barazani, wasingeliridhia.