Tarehe ya Vigari vya Mfuo

Katika sanaa zilizozaliwa Ulaya na Marekani katika karne ya 20, iko moja ambayo wafanyabiashara wengi waliipenda kwa miaka michache kisha wakaitupa, na mafundi wakaiokota na kuitunza hata leo: ni sanaa ya kuunda vigari vya umeme viendavyo kwa kufuata mfuo uliochimbwa katika njia, ili watu washindane navyo kwa mbio. Naiandika tarehe yake kwa mapenzi, kwa kuwa mema yake yote yametoka katika vidole vya watu.

Chimbuko lake la mbali ni Marekani, ambako kampuni ya Lionel, iliyosifika kwa treni za kuchezea, ilitoa magari ya umeme ya mashindano mwaka 1912, ikaacha kuyatengeneza miaka michache baadaye. Kukawa kimya hata katikati ya miaka ya 1950, wakati wapenzi wa uundaji katika Uingereza walipoanza kushindanisha vigari vilivyoongozwa na reli nyembamba iliyoinuka juu ya njia. Zama hizo Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, alikuwa akiuza magari ya bati yaliyoitwa Scalex, yaendayo kwa nguvu ya kamani. Biashara ilipopoa, aliondoa kamani akatia mota, akafanyiza njia ya mpira yenye mifuo miwili iliyopakana na kanda za chuma zipitishazo umeme, na mwezi wa Januari 1957, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, akaidhihirisha Scalextric mbele ya watu. Mwaka uliofuata kampuni yake iliuzwa kwa Lines Brothers, na mwaka 1960 plastiki ikachukua mahali pa bati.

Marekani nayo ilipoipokea sanaa hiyo, kumbi za mashindano zenye mifuo 8 sambamba zilifunguliwa mijini, na kampuni kama Cox, Revell, Monogram na Strombecker zikagombea wanunuzi. Lakini kasi iliua raha. Mota zilizongwa waya upya, chesisi zikashushwa, matairi yakapanuliwa, hata kijana aliyekuja na kigari cha dukani alipitwa mara nyingi kabla mkono wake haujazoea, akaona haya, asirudi tena. Miaka ya 1960 ilipokwisha, kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa.

Waliobaki ni wale waliokuwa na chuma cha kulehemia nyumbani. Miongoni mwao na warithi wao wamo waundao vigari kwa mtindo wa miaka ile ya 1960, na sheria za vyama vyao aghalabu hukataza sumaku ya kukivuta kigari chini, ili kishike njia kwa uzito wake na mpira wake tu. Na tutwae mfano wa Lotus 25, gari lililompatia Jim Clark ubingwa wa dunia mwaka 1963. Umbali baina ya ekseli zake ulikuwa takriban milimita 2,310. Fundi huugawanya kwa 32, kwa kuwa kigari ni sehemu moja ya 32 ya gari lenyewe, akapata kama 72, na kipimo hicho ndicho msingi wa kazi yote. Hukata vijiti vya shaba ya njano na waya wa feleji, akavisugua kwa msasa hata ving'are, akavipanga juu ya ubao wenye pini za kuvizuia visihame, akavipaka tindikali kidogo, kisha akaviunga kwa lehemu. Hapo ndipo ustadi hujulikana: joto likipungua, lehemu hukaa juu kama tone la nta wala haishiki, likitosha, hukimbia yenyewe ikazama ndani ya kiungo, ikabaki nyembamba na yenye kumeta. Na tindikali isipooshwa upesi, feleji huota kutu.

Mota hulazwa kwa urefu wa kigari, gia yake ndogo ikiuma ile kubwa ya ekseli ya nyuma. Fundi hutia kipande cha karatasi baina ya meno, akakaza, kisha akakitoa, ili ibaki nafasi ya unene wa karatasi ile. Mbele hufungwa mkono wenye bawaba, ushikao ulimi wa plastiki usiotoka mfuoni hata pua ya kigari ikiinuka kidogo, na kandokando ya ulimi huo nyuzi za shaba zilizosukwa hulamba umeme wa volti 12 kutoka njiani. Bodi ni plastiki nyembamba yenye kupenya nuru, iliyolainishwa kwa moto na kuvutwa juu ya kalibu; nayo hupakwa rangi kwa ndani, basi mstari wa manjano hutangulia, na kijani cha Lotus hufuata mwisho.

Mashindanoni, dereva akibana kifyatuo mkononi mwake umeme huongezeka; akikiachia, ncha mbili za mota huunganishwa, mota ikageuka mzalishaji wa umeme na kuyazuia magurudumu iliyokuwa ikiyazungusha. Kigari huingia konani kikitupa mkia nje, na mkia ukizidi kiasi ulimi hutoka mfuoni.

Hapo huonekana desturi iliyoilinda sanaa hii. Katika vyama, aliyemaliza zamu yake husimama penye kona, na kila kigari kitokacho njiani, kiwe cha rafiki yake au cha yule aliyemshinda punde, hukiokota upesi na kukirudisha mfuoni. Kijana yule aliyeona haya angalikuta hapa mtu mzima ameinama kumwokotea kigari chake, na baada ya mbio angaliketishwa kando ya ubao wenye pini, akafundishwa namna lehemu inavyokimbia.