Umri wa Mji: Kasulu na Kibondo katika Historia ya Buha

Miji, kama watu, hupenda kuulizwa umri wake. Mwaka 2007 wenyeji wa Kigali, mji mkuu wa jirani zetu wa Rwanda, walisherehekea miaka 100 ya mji wao. Hesabu hiyo ilianzia mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake ya utawala katika kilima cha huko. Dar es Salaam nayo aghalabu huhesabiwa tangu mwaka 1862, Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoazimia kujenga bandari mpya penye kijiji cha Mzizima. Lakini kilima cha Kigali kilikuwa na jina lake kabla Kandt hajazaliwa, na wavuvi wa Mzizima walikuwa wakianika nyavu zao kabla Sayyid Majid hajaleta waashi. Kwa hiyo kila sherehe ya mji ina swali ndani yake: tunahesabu tangu lini, na tunapohesabu tunamkumbuka nani?

Swali hilo nataka kulipeleka katika nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Buha, kwenye miji ya Kasulu na Kibondo. Nimekaa ofisini miaka mingi, nami najua jinsi kamati ya sherehe inavyofanya kazi. Mwenyekiti huuliza tarehe, karani hufungua jalada, na jalada la kale kuliko yote huwa ni la mkoloni. Hapo ndipo mji unapopewa umri wa karatasi zake, badala ya umri wa watu wake.

Tuanze basi kabla ya jalada. Buha ya zamani ilikuwa na tawala sita: Heru, Muhambwe, Buyungu, Ushingo, Luguru na Bujiji. Kasulu imo katika nchi ya Heru, na makao ya utawala huo yalikuwa Heru Juu, kilimani, si mbali na mji wa leo. Kibondo imo Muhambwe, na Kakonko imo Buyungu. Majina hayo mawili yangali hai hata katika majimbo ya uchaguzi. Kila nchi ilikuwa na mwami wake, na ngoma ndiyo iliyokuwa alama ya enzi yake. Chini ya mwami walikuwako watware, yaani wakuu wa sehemu za nchi. Lakini wazee wetu hawakusahau kwamba kabla ya abami walikuwako abateko, walinzi wa ardhi, waliotambika kwa ajili ya mavuno na kuamua magomvi ya mipaka ya mashamba. Mwami alitawala watu, bali ardhi ilikuwa na mwenyewe wa kuisemea.

Nchi hiyo haikuwa pori lililomngoja mgeni. Upande wa kusini, kwenye chemchemi za Uvinza, watu walichemsha chumvi; wataalamu wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta dalili za kazi hiyo zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita Uha akielekea Ujiji kumtafuta Daktari Livingstone, alizuiwa na mkuu mmoja aliyeitwa Mionvu, akatakiwa kutoa hongo ya nguo nyingi. Stanley alilipa. Alipoona mbele yake wako wakuu wengine wenye kudai haki hiyo hiyo, aliuondoa msafara wake usiku, kimyakimya, akapita kando ya njia. Msomaji na aipime habari hiyo. Mtu hatozwi ushuru mahali pasipo na serikali.

Kisha zikaja nyakati ambazo nchi ilibadilishwa mikono. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo huo vita kuu vikaanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliwaondoa Wajerumani Kigoma na Ujiji, na Buha ikawa chini ya Wabelgiji mpaka mwaka 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Rwanda na Burundi zikabaki upande mmoja, Buha ikawa upande wa Tanganyika. Waliopanga mpaka huo hawakumwuliza Muha wala Mrundi, ambao lugha zao ni kama za ndugu wa tumbo moja, na ambao walikuwa wakioana na kubadilishana ng'ombe kwa vizazi vingi.

Ikiwa kamati yetu itauhesabu mji tangu boma la mkoloni, basi itakuwa imeichagua siku ambayo wenyeji hawakualikwa. Sisemi boma lifutwe katika historia. Boma lilileta barabara, soko, zahanati na shule, na pia kodi. Nasema tu kwamba boma ni mlango mmoja wa nyumba, na nyumba ina milango mingine.

Mlango mmoja ni wa machungu. Kuanzia mwaka 1933, kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi mapya yaliyofyekwa msitu. Hapana shaka malale yaliua, na daktari aliwafikia kwa urahisi zaidi watu waliokaa pamoja. Lakini penye makazi yaliyoachwa msitu ulirudi, wanyama wakarudi, na makaburi ya wazee yakabaki bila mtu wa kuyapalilia.

Mlango wa pili ni wa safari. Wakati wa ukoloni Buha iligeuzwa nchi ya kutoa vibarua. Mawakala wa mashamba ya mkonge waliandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo, wakawapeleka Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alikuwa namba katika daftari. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alirudi na sanduku la bati, blanketi mbili, na Kiswahili alichojifunza kutoka kwa Wasambaa, Wazigua na Wanyamwezi waliokata mkonge pamoja naye. Ndiye aliyenifundisha mimi lugha hii ninayoandikia. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema kwamba Kiswahili kilifika Buha kwa shule, mimi hukumbuka kwamba kilifika pia kwa mgongo wa manamba.

Mlango wa tatu ni wa fahari. Mwaka 1946 Theresa Ntare alisimikwa kuwa mwami wa Heru. Mwanamke kushika enzi ya Buha, na kukaa katika baraza pamoja na watawala wanaume, lilikuwa jambo lililozungumzwa Tanganyika nzima. Enzi hizo za jadi ziliondolewa kisheria mwaka 1963, katika kulijenga taifa moja. Hata hivyo, mtoto wa kike wa Kasulu anapoambiwa leo kwamba uongozi si kazi ya wanawake, jibu lake liko katika historia ya mji wake mwenyewe.

Mlango wa nne wengi wetu tulipitia kwa miguu yetu. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na katika miaka michache iliyofuata wananchi wakahamia vijijini. Nilikuwa mtoto mdogo, nilibebwa. Mama alinisimulia kwamba kwa misimu miwili aliendelea kurudi mahameni kukata ndizi, kwa kuwa migomba haikujua kwamba wenyewe wamehama. Kijiji kipya kilikuwa na shule, nami nilisoma humo. Sina haki ya kukisahau kijiji kilichonipa kalamu, wala ya kuyasahau mahame yaliyomlisha mama. Yote mawili ni asili yangu.

Na mlango wa tano ungali wazi. Buha imewapokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, na tena baada ya mwaka 1993 na mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Wamezaliwa humo watoto ambao sasa ni watu wazima. Hakuna kamati itakayofanya sherehe ya kuanzishwa kwa kambi, na ni haki, maana hakuna aliyekwenda huko kwa furaha. Lakini historia ya miji yetu ikiandikwa bila wao, itakuwa na pengo.

Kasulu ya leo ina halmashauri yake ya mji, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu zaidi ya 200,000. Mji wa ukubwa huo unastahili sherehe. Rai yangu ni kwamba siku hiyo isianzie kwenye jukwaa la wageni. Ianzie Heru Juu, kwa ngoma, mzee akiwataja abami na abateko mbele ya wanafunzi. Ishuke bomani, jalada lisomwe. Iende mahameni, penye mikuyu iliyokuwa viambaza vya nyumba zetu. Kibondo nayo ifanye vivyo hivyo kwa Muhambwe yake.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitutaka tuutafute utamaduni wetu na kujivunia nao. Kuutafuta ni kazi ya miguu na masikio. Majalada yatangoja kabatini, wazee hawangoji. Mama yangu alifariki kabla sijamwuliza majina ya vijito vyote vya mahameni kwetu. Mtumishi mwenzangu, ukipewa kesho kazi ya kutafuta umri wa mji, usifungue kabati kwanza. Beba daftari, uende ukabishe hodi kwa bibi.