Jina la Franco bila Franco

Hapa Kisangani, anayelipa kiingilio ili asikie nyimbo za Franco zikipigwa na bendi ya kuiga anaweza kurudi nyumbani na huzuni: sauti inafanana, lakini dansi haichemki. Historia inaonyesha sababu.

OK Jazz ilianza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956. Baadaye, kwa jina la TPOK Jazz, ilikuwa na wanamuziki zaidi ya 20. Utamu wake ulitoka kwenye magita yaliyojibizana, solo, mi-solo, la kusindikiza na besi, huku saksofoni na tarumbeta zikiingia.

Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Simaro Lutumba na wenzake walibaki na ujuzi wote wa nyimbo zile. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 walikosana na familia ya marehemu, wakaacha jina na kuunda Bana OK. Ikiwa wenyewe hawakuweza kulibeba, kikundi chenye gita moja na kinanda kitaliwezaje?

Mji huu ndio uliomzaa Abeti Masikini mwaka 1954. Naye anastahili ukumbusho. Waandaaji wakusanye kwanza wapiga gita, ndipo watafute mwenye sauti.