Iringa hadi Songea: vichwa viwili, barabara moja

Wasomaji wangu, kama mlidhani nimeitupa kalamu, hapana. Tulikuwa safarini. Mimi na mume wangu tuliamua kwamba likizo hii hatuendi Zanzibar kupiga picha za jua likizama kama kila mtu. Tukawasha gari kwenda kusalimia wazee: kwanza Iringa kwa Wahehe wake, halafu Songea kwa Wangoni wangu. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na kutoka hapo hadi Songea ni safari nyingine inayokaribia hiyo hiyo. Nilipanga kuandika juu ya mandhari na misosi. Misosi nitaisema, msiwe na haraka. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu turudi, nalo ni vichwa viwili. Vichwa vya watu. Kimoja kiko Kalenga, ndani ya kioo. Kingine wenyewe bado wanakitafuta.

Safari ya Iringa kwa kweli inaanzia hapa hapa mjini, ila hatuoni. Sisi tunakaa upande wa Tegeta, kwa hiyo kabla ya kufika Mwenge tulipita kambi ya Lugalo. Kila siku maelfu ya watu wanapita hapo kwenye daladala, wanasikia konda akipiga kelele "Lugalo! Lugalo!", wanashuka, wanakwenda hospitali au kazini. Ni wangapi wanajua Lugalo ni nini? Ni kijiji kule Iringa, kando ya barabara kuu, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikitengeneza kikosi cha Wajerumani. Nimesema kukitengeneza kwa makusudi. Kiongozi wake, Emil von Zelewski, watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, na ndiye yule yule aliyewachokoza watu wa Pangani mwaka 1888 mpaka vita ya Abushiri ikawaka. Aliuawa Lugalo pamoja na Wazungu wenzake tisa na askari zaidi ya 200. Wahehe wakaondoka na bunduki na mizinga yao.

Chalinze, Morogoro, Mikumi... hapa nitakwenda mbio. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara inaikata katikati, kwa hiyo twiga unamwona bure kupitia dirishani ilimradi uendeshe taratibu. Barabara yenyewe ina historia yake. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, Zambia ikabanwa upande wa kusini, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupita huku kwenye vumbi na matope. Madereva wakaiita barabara ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA. Ukipanda Kitonga nyuma ya lori la Zambia linalokohoa gia ya kwanza, unaweza kuwaza kwamba Jehanamu haijaisha yote. Kabla ya Kitonga tulisimama Ruaha Mbuyuni, tukanunua vitunguu vya mama mkwe. Ilula tukanunua nyanya. Mkwe haendi ukweni mikono mitupu, jamani.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Kamwene, kamwene, kamwene, mpaka mkono ukachoka. Babu yake mume wangu aliposikia mimi ni Mngoni alicheka mpaka akakohoa. "Mtani! Umekuja kutuibia tena ng'ombe?" Kwa wasiojua: Wahehe na Wangoni ni watani, na utani huo haukutokana na mapenzi. Kati ya mwaka 1878 na 1882 walichinjana mara kadhaa, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Walipochoka wakaachana, na kilichobaki ni matusi ya kuchekeshana misibani na harusini. Nilimjibu babu kwamba ng'ombe sina haja nao, nimeshaiba mjukuu. Basi tukaelewana. Ilikuwa msimu wa ulanzi, ule utomvu mtamu wa mianzi, na sitasema nilikunywa vikombe vingapi. Ugali na kuku wa kienyeji vilifuata, na mama mkwe akasimama mlangoni kuhakikisha sahani imesafishwa.

Kesho yake babu akatupeleka kwenye makumbusho. Ni jengo dogo tu, la kawaida. Fuvu liko humo kwenye kioo, dogo kuliko nilivyotegemea.

Habari yake ni hii. Baada ya Lugalo Wajerumani walijipanga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akatoroka. Kwa miaka karibu minne akawasumbua porini, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezungukwa kule Mlambalasi, akajipiga risasi. Walipomfikia alikuwa maiti tayari. Wakakata kichwa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mwalimu wangu wa historia hakuifundisha, au labda nilikuwa nimesinzia. Mwaka 1919, wakubwa wa dunia walipokaa Versailles kuandika mkataba wa kumaliza Vita Kuu, ule mkataba wa mipaka, fidia na majeshi, waliweka humo kifungu cha 246: Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hicho hicho kinadai pia Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hejaz. Kichwa cha babu wa Kalenga kimeandikwa kwenye mkataba uliopanga upya ramani ya dunia!

Msidhani ni huruma. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza dhidi ya Wajerumani, na mtawala mpya alitaka kuwashika vizuri. Hata hivyo miezi sita ikawa miaka 34. Wajerumani walisema hawana fuvu hilo, mambo yakalala. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yametoka huku kwetu. Yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati.

Wapo wanaouliza hadi leo kama ni lenyewe. Mimi swali langu ni jingine: kwa nini 1954? Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau. Siku 18 tu baada ya sherehe ile ya Kalenga, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Gavana anayesikia nyumba ya jirani inaungua hutafuta marafiki, na kwa Wahehe zawadi kubwa kuliko hiyo haikuwapo. Kama alitegemea kununua utii wa kudumu basi alinunua hewa, maana huyo huyo Adam Sapi ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika huru mwaka 1962.

Nilimwambia babu mawazo yangu haya tukiwa nje, chini ya mti. Alinisikiliza, akasema: "Wewe umesoma. Mimi najua kichwa kiko hapa na mwili uko Mlambalasi. Wamekirudisha, hawajakizika." Kutoka Kalenga hadi Mlambalasi ni mwendo wa gari, si mbali kabisa.

Tukaondoka kwenda kusini. Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, Makambako kwenye chipsi kuku na kelele za mabasi, halafu tukaacha barabara ya Mbeya tukakata kushoto. Njombe baridi ilitutia adabu. Karibu na hapo ndipo ilipo misheni ya Yakobi, iliyoshambuliwa Septemba 1905, vita vya Majimaji vilipofika nyanda hizi. Kuanzia hapo mume wangu alikuwa kimya kidogo, na sababu naijua. Katika Majimaji, Wahehe hawakuinuka. Kapteni Nigmann alitoka boma la Iringa na askari wake na wapiganaji wa Kihehe kwenda kuwaokoa Wajerumani wenzake Mahenge, halafu akashuka Ungoni. Oktoba 1905 aliwavamia Wangoni kambini mwao Namabengo. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba babu wa babu yake alipita njia hii hii kabla yetu, akiwa na mkuki, akielekea kwa babu wa babu yangu. Tulilizungumza kwenye zile kona za Lukumburu. Akasema, "Miaka saba tu baada ya kukatwa kichwa cha Mkwawa. Walikuwa wamechoka." Inawezekana. Njaa na kushindwa humfundisha mtu kuhesabu. Nami nikamkumbusha kwamba wababu zangu nao walitoka Afrika Kusini wakipiga kila waliyemkuta njiani, walivuka Zambezi mwaka 1835, na hakuna aliyewaalika Songea. Tukacheka. Utani una kazi yake.

Nyumbani bibi alimpokea "mume wake" kwa vigelegele na kumkalisha kwenye kiti cha heshima. Mimi nikatumwa jikoni! Ugali, likolo, na samaki aina ya mbasa kutoka Ziwa Nyasa. Kama hujala mbasa aliyekaushwa akaungwa na karanga, maisha yako bado yana deni.

Siku iliyofuata tulikwenda Mahenge, mtaa wa Songea mjini yaliko makumbusho ya Majimaji. (Msichanganye na Mahenge ya Ulanga niliyoitaja juu.) Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, wakazikwa kaburi moja. Miongoni mwao alikuwa Nkosi Mputa Gama, na mwanamke mmoja, Mkomanile, anayekumbukwa kwa kuwapokea watu walioleta maji ya dawa Ungoni. Nduna Songea Mbano hakunyongwa siku hiyo. Alinyongwa siku chache baadaye na kaburi lake liko peke yake. Familia yake na wazee wa Kingoni wanasema alizikwa bila kichwa, kichwa kilipelekwa Ujerumani.

Mji mzima unaitwa jina lake. Wajerumani wenyewe walijenga boma karibu na kwake mwaka 1897, jina la nduna likawa jina la mji, kisha wakamnyonga ndani ya mji huo. Lakini hakuna kifungu cha mkataba wowote kinachomtaja. Mwaka 1919 hakuna aliyekuwa na haja ya kuwafurahisha Wangoni. Walikuwa wameuawa na kufa njaa, na mashamba yao yalikuwa yamechomwa. Wala hakuja gavana na vipimo vyake. Ilibidi kusubiri hadi tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama hapo Mahenge, akakaa na wazao wa Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kwamba fuvu litatafutwa, ila hakuahidi kwamba litapatikana. Miezi miwili kabla, wataalamu wa Berlin walikuwa wametangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya mafuvu waliyonayo na jamaa walio hai wa Kilimanjaro. Kwa hiyo jambo linawezekana.

Bibi hakuja nasi makumbusho, miguu haimruhusu. Jioni akatuuliza tumeona nini. Mume wangu akamsimulia yote, ya Mahenge na ya Kalenga, kifungu cha 246 na Twining na mafuvu 2,000 ya Bremen. Bibi akataka kujua lile lenye tundu lilipopatikana, yale mengine walifanya nayo nini.

"Waliyaacha pale pale, bibi."

"Yote?"

"Yote."

Akanyamaza kitambo. Halafu akamwambia asogeze kiti karibu na moto, kwamba Wahehe wanajifanya wamezoea baridi lakini anamwona anatetemeka.