Ni nani amwulizaye mtoa amri? Raia na polisi katika historia ya Kongo

0. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi askari wa jeshi huitwa soda, neno lililotokana na Kifaransa soldat. Neno polisi nalo limetoka Ulaya. Maneno ni mawili, lakini katika historia yetu kazi hizo mbili hazikutenganishwa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo watu wengi huona kwamba dawa ya ukatili wa polisi ni kumweka polisi chini ya mamlaka ya raia. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kuwa hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kwamba raia atoaye amri naye awe na wa kumwuliza.

1. Mtu mmoja, kazi nyingi

Force Publique ilithibitishwa kwa amri ya Leopold II mwaka 1888, ikiwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, iligawanywa sehemu mbili: vikosi vya kambini, vya kulinda nchi, na vikosi vya utumishi wa wilaya, vilivyowekwa mikononi mwa watawala wasio wanajeshi. Tukisoma maandishi ya sheria peke yake, tungesema kwamba raia alikwisha kumshika askari.

Lakini raia huyo alikuwa nani? Mtawala wa wilaya alipeleleza makosa, akaketi kuwa hakimu wa mahakama ya polisi, akasimamia utekelezaji wa adhabu. Aliyekamata ndiye aliyehukumu. Mwenyeji aliyeonewa alilazimika kumshitakia mtawala juu ya mtawala yule yule. Mjeledi wa ngozi ya kiboko, ulioitwa chicotte, haukufutwa katika sheria hadi mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.

2. Uwanja wa mpira, 4 Desemba 1941

Hatari ya mpango huo ilionekana wazi Élisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bei za vitu zilipanda, na wafanyakazi wa Union Minière wakagoma kudai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alifika mwenyewe, pamoja na askari wa Force Publique. Risasi zikapigwa. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali na hesabu iliyohifadhiwa na watu hazikulingana.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Siku ile askari hawakuasi, wala jeshi halikumpindua raia. Mkuu wa kiraia alikuwapo uwanjani, na madaraka yalikuwa yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwajibisha yeye. Wafanyakazi Waafrika hawakuwa na kura wala diwani. Chama cha wafanyakazi hawakuruhusiwa kuwa nacho hadi mwaka 1946.

3. Kutoka komini hadi Gendarmerie

Mlango ulifunguka kidogo mnamo Desemba 1957, wakaaji wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipochagua madiwani wa komini zao kwa mara ya kwanza. Baada ya uhuru polisi walikuwa chini ya majimbo, na wanasiasa wengine waliwatumia kama jeshi lao binafsi. Utawala wa Mobutu uliwaunganisha kuwa polisi moja ya taifa mwaka 1966, kisha mwaka 1972 ukawatia ndani ya Gendarmerie, tawi la jeshi. Mkuu wa komini aliweza kuomba msaada, lakini kamanda alimjibu mkubwa wake wa jeshi. Kwa kuponya ugonjwa mmoja, taifa lilipata mwingine.

Chuo kikuu chetu kinakumbuka usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walipouawa ndani ya kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa. Hata hivyo, baadaye gavana wa jimbo alifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Hukumu hiyo haikutosheleza uchungu wa familia, lakini swali ambalo wafanyakazi wa mwaka 1941 hawakuwa na mahali pa kuliuliza lilisikika mbele ya hakimu.

4. Sheria ya sasa

Mwaka 1997 iliundwa Polisi ya Taifa ya Kongo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 184, inaiweka chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ofisa anayepeleleza makosa hufanya kazi chini ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kazi zilizokuwa za mtu mmoja sasa zimegawanywa.

Hata hivyo pengo lingalipo. Kifungu cha 156 kinawapa mahakimu wa kijeshi kesi za makosa ya polisi. Hivyo polisi ni wa kiraia anapotumwa, lakini akikosa huhesabiwa pamoja na wanajeshi. Tena uchaguzi wa madiwani wa komini ulingoja hadi Desemba 2023, na hata hapo katika sehemu chache tu za nchi.

5. Tamati

Historia hii inatufundisha kutotosheka na neno «raia». Mtawala wa wilaya alikuwa raia. Maron alikuwa raia. Mwananchi aliyetiwa buloko usiku hahitaji kujua tu kama mwenye amri amevaa kombati au suti. Anahitaji kujua ni nani atakayemwuliza mtu huyo kesho asubuhi, na kama atalazimika kujibu.